Mshindani Si Adui


Majuzi mama mmoja sokoni aliniambia, "Pasta, huyo jirani ni adui yangu." Nikamuuliza, amekukosea nini? "Anauza sukuma wiki kama mimi." Sasa huyo, mpendwa, si adui. Ni mshindani tu.

Fungua Mwanzo 26. Watumishi wa Isaka walichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakakigombania. Isaka akakiita Eseki, yaani ugomvi. Cha pili nacho kikagombaniwa. Akakiita Sitna, yaani uadui. Umeona? Ugomvi usipozimwa hupanda cheo. Tena kwa Kiebrania, Sitna na Shetani ni maneno ya mzizi mmoja!

Isaka hakukaa pale kung'ang'ana. Alisonga, akachimba kisima cha tatu, na hakuna aliyekigombania. Hicho ndicho Rehobothi, yaani nafasi.

Kuna watu humu ndani hawajasalimiana tangu uchaguzi wa kamati ya akina mama. Yule mwenzako, moyoni unamwitaje? Kama ni mshindani, mwombee. Kama mligombana, mpigie simu leo, kabla hujamwita adui. Nafasi ipo, inawatosha nyote wawili. Amina.