“Mbona Umekonda Hivyo?”

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Samweli 13:1–5, Nehemia 2:1–8, Ayubu 2:11–13, 16:8, Zaburi 109:24, 25, Danieli 1:8–16, 3 Yohana 2.

Fungu la kukariri: Mithali 18:13. Lisomeni pamoja darasani kabla ya kuanza.

Mtu aliyepungua uzito mara nyingi huambiwa habari zake mlangoni mwa kanisa. Kabla hajaketi, watu watatu wameshamuuliza: “Mbona umekonda hivyo?” “Unaumwa?” “Nyumbani kwema kweli?” Wa nne hasemi kitu. Anatikisa kichwa, kisha anakwenda kunong’ona na mwenzake.

Kwetu Afrika Mashariki, unene umehesabiwa kwa muda mrefu kuwa dalili ya maisha mazuri. Bibi arusi akinawiri, mume husifiwa. Kukonda nako kuna historia ya uchungu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na jirani zetu wa Uganda walipouita ugonjwa huo “Slim” kwa jinsi ulivyowakondesha watu, macho yetu yalijifunza kusoma kifo katika mashavu yaliyobonyea. Leo dawa zinawawezesha wenye virusi kuishi miaka mingi na kulea wajukuu. Tena wapo wengi wanaopungua kwa ushauri wa daktari. Lakini macho yetu bado yanasoma vilevile kama zamani.

Juma hili tunajiuliza: mwili wa ndugu yangu unapobadilika, ninadaiwa nini kwake? Biblia itatuonyesha kwamba hatudaiwi hukumu. Tunadaiwa swali la upendo, na sikio la kungojea jibu.

JUMAPILI: Mwili Uliogeuzwa Kuwa Shahidi

Soma Ayubu 2:11–13 na 16:8. Rafiki za Ayubu walifanya vema wapi, na waliharibu wapi?

Rafiki hawa watatu walitoka mbali. Walipomwona Ayubu hawakumtambua, wakalia, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Hadi hapo walikuwa wafariji wa kweli. Walipofumbua vinywa, mambo yaligeuka. Elifazi alitaka kujua ni mtu gani asiye na hatia aliyewahi kuangamia (Ayubu 4:7), kana kwamba mateso yenyewe yalitosha kuthibitisha dhambi.

Ndiyo maana katika sura ya 16 Ayubu analalamika kwamba kukonda kwake kumesimama mbele yake kama shahidi wa upande wa mashtaka. Hakuna aliyehitaji kuleta ushahidi mwingine. Mifupa yake ilitosha. Lakini sisi tuliosoma sura mbili za kwanza tunajua Mungu mwenyewe alivyomshuhudia mtu huyu. Ushahidi uliosomwa katika mwili wake ulikuwa wa uongo.

Je, kuna mtu ambaye nimemhukumu moyoni kwa kumtazama tu?

JUMATATU: Wanaotikisa Vichwa

Soma Zaburi 109:24, 25. Mwandishi wa zaburi amekonda kwa sababu gani, na watu wanamwona vipi?

Amedhoofika kwa kufunga. Alikuwa mbele za Mungu kwa maombi, lakini waliomwona waliona tokeo bila kujua chanzo, wakatikisa vichwa. Hapo ndipo kosa letu huanzia, kwa maana dalili ni moja na vyanzo ni vingi: kufunga, kisukari, kifua kikuu, msiba, deni, njaa, mazoezi, mpango wa chakula.

Hata sifa zaweza kuumiza. Mfikirie mjane anayepungua kwa sababu jioni huwagawia watoto ugali wote, yeye akanywa maji. Sabato dada mmoja anamshika mkono akisema, “Umependeza! Mwili umekaa vizuri, tupe siri.” Atajibu nini? Atatabasamu tu, na njaa yake itaendelea kufichwa chini ya sifa. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

JUMANNE: Swali Moja, Nia Mbili

Soma 2 Samweli 13:1–5 na Nehemia 2:1–8. Linganisha Yonadabu na mfalme Artashasta. Wanafanana katika nini, na wanatofautiana wapi?

Yonadabu alikuwa rafiki wa Amnoni, tena mtoto wa baba yake mdogo au mkubwa, mtu wa ukoo. Aliona kwamba mwana wa mfalme anakonda siku kwa siku, akauliza kwa nini. Swali lake halikuwa baya. Ubaya ulikuja baada ya jibu: akaichukua siri ya mwenzake na kuichochea. Tamari akadhulumiwa, na miaka miwili baadaye Amnoni akauawa.

Artashasta naye aliona uso uliobadilika. Alijua Nehemia haumwi, akatambua kuna huzuni ya moyo. Aliposikiliza, akauliza neno la pili: Nehemia anataka nini? Ndipo zikatoka barua, mbao na ruhusa ya safari.

Basi swali la kwanza peke yake halitoshi. Anayeuliza “Mbona umekonda?” na kuondoka kabla ya kujibiwa hakuuliza, ametangaza. Anayeuliza ili apate habari ya kupeleka mbele anatembea katika njia ya Yonadabu. Upendo unaonekana katika swali la pili: “Nikusaidie nini?”

Mara ya mwisho nilipomuuliza mtu hali yake, je, nilisubiri jibu?

JUMATANO: Vita ya Mezani

Soma Danieli 1:8–16. Mkuu wa matowashi aliogopa nini? Danieli alimjibu kwa roho gani?

Mtu akibadilisha ulaji wake, upinzani wa kwanza mara nyingi hutoka kwa wampendao. Mama anasema, “Siku hizi chakula changu hukitaki.” Mume anasema, “Unajitesa. Watu watadhani sikulishi.” Mkuu wa matowashi naye alikuwa na hofu ya namna hiyo: nyuso za vijana zikionekana kukonda, kichwa chake mwenyewe kilikuwa hatarini. Alimpenda Danieli, lakini aliogopa macho ya watu.

Danieli hakumdharau wala hakugombana naye. Aliomba siku kumi za kujaribiwa. Mwisho wake vijana wale walionekana wazuri na wenye miili iliyojaa kuliko wenzao. Tuliangalie hilo vizuri. Ujumbe wa afya, ambao Ellen G. White alionyeshwa katika njozi mwaka 1863 huko Otsego, Michigan, haukuletwa ili watu wote wawe wembamba. Ulikuja ili mwili na akili vimtumikie Mungu.

Kwa mtu mwenye uzito uliozidi na kisukari cha aina ya pili au shinikizo la damu, kupunguza hata asilimia 5 ya uzito kunaweza kumletea nafuu. Kwa mwenye kilo 90, hizo ni kilo 4.5 tu. Anayetumia dawa za kisukari abadilishe ulaji wake kwa maelekezo ya daktari. Lakini atafikaje, ikiwa kila siku anasukumiwa soda na kuambiwa, “Kidogo tu, leo ni sikukuu”? Jamaa wanaompenda wapike chakula kimoja na kula naye, watembee naye jioni.

Naye anayepungua ana wajibu wake. Asikidharau chakula cha mama yake, wala asijifanye mwamuzi wa sahani za wengine (Warumi 14:3).

ALHAMISI: Upendo Unapopaswa Kusema

Soma 3 Yohana 2. Ombi la Yohana kwa Gayo linatufundisha nini kuhusu kujali mwili wa ndugu?

Wengine wakisikia somo hili watasema, “Basi, tunyamaze.” Hapana. Kunyamaza nako kwaweza kuua. Mtu mzima akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake katika miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, anapaswa kupimwa. Akiwa na kikohozi cha majuma mawili au zaidi, homa, au jasho la usiku, apimwe kifua kikuu, ugonjwa unaotibika, na ambao dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali nchini Tanzania na Kenya. Akiwa na kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara, apimwe kisukari.

Kwa hiyo tuseme, lakini tuseme kama ndugu. Mfuate faraghani, si mlangoni. Anza na yeye mwenyewe kabla ya mwili wake: “Mama, nimekukumbuka. Unaendeleaje?” Akijibu “Salama tu,” usimkamue, mwambie, “Siku ukitaka mtu wa kukusindikiza zahanati, niite.” Akikufungulia moyo, siri yake ibaki kwako. Kuisimulia siri hiyo mbele ya kanisa kwa jina la “ombi maalumu”, bila ruhusa yake, ni masengenyo yaliyovikwa vazi la sala. Wapo walioacha kutafuta matibabu kwa kuogopa vinywa vyetu kuliko ugonjwa wenyewe.

IJUMAA: Kwa Mafunzo Zaidi

Katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, Ellen G. White alieleza hatua alizofuata Kristo: alichangamana na watu akiwatakia mema, akawahurumia, akawahudumia katika mahitaji yao, akapata imani yao, ndipo akawaita wamfuate. Huruma na huduma zilitangulia. Neno la wito likafuata. Sisi mara nyingi tunaanza na neno, na pengine tunaishia hapo.

Sasa soma Zaburi 22:17 na Mathayo 27:39. Yule aliyetundikwa msalabani alikuwa na mifupa ya kuhesabika, na watu wakamkodolea macho. Waliopita njiani walitikisa vichwa, kama wale wa Zaburi 109. Waliutazama mwili wake wakadhani wameelewa habari yote, kumbe mbele yao wokovu wao wenyewe ulikuwa unatimizwa. Bwana wetu anajua ilivyo kutazamwa namna hiyo. Anayeingia kanisani Sabato hii akiwa amepungua, na akasitasita mlangoni, anaye Mwokozi anayemwelewa. Na apate pia ndugu wa kuketi naye.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini katika jamii yetu ni rahisi kuzungumzia mwili wa mtu kuliko kumuuliza habari za moyo wake?

2. Mshiriki anapungua kwa kukosa chakula, naye anaona aibu kusema. Darasa lenu lina njia gani ya kugundua na kusaidia bila kumwaibisha?

3. Wekeni pamoja taratibu tatu ambazo kikundi chenu kitafuata kabla ya kutaja ugonjwa wa mtu katika maombi ya hadharani.