Hesabuni Gharama Kabla ya Sikukuu ya Shukrani

Neno la Mchungaji. Someni: Yakobo 4:13-15; Luka 14:28-30

Alhamisi ya nne ya Novemba inakaribia, siku ambayo Marekani yote hushukuru, na katika ushirika wetu wa Kiswahili hapa mazungumzo ni mawili tu: nani anasafiri, na nani ananunua nini. Wengine wataendesha gari usiku kucha kuwafikia ndugu zao Texas au Minnesota. Wengine wanaingoja Ijumaa, maduka yanapopunguza bei. Yafaa tulitazame jambo hili kwa nuru ya Neno la Mungu kabla halijatufikia.

Mtume Yakobo anawaonya watu wanaopanga kwenda mji fulani, kukaa mwaka mzima na kupata faida, bila kumkumbuka Mungu. Wako wasomao maneno hayo wakadhani kwamba kupanga ni kukosa imani. Sivyo. Hawakukemewa kwa kuwa walipanga, bali kwa kuwa walipanga kana kwamba kesho ni mali yao. Bwana Yesu mwenyewe alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Basi Mkristo hupanga, tena hupanga vizuri, huku akisema, Mungu akipenda. Lakini anayesema "Mungu akipenda" kwa sababu tu hakujishughulisha kutafuta tiketi mapema, huyo hana imani kuliko wengine. Huo ni uvivu uliovaa kanzu.

Tukumbuke sikukuu hii ilikotoka. Mwaka 1621, huko Plymouth, wahamiaji kutoka Uingereza walikula mavuno yao pamoja na Wawampanoag, wenyeji wa nchi ile. Karibu nusu ya wahamiaji hao walikuwa wamekufa katika majira ya baridi ya kwanza. Yaliyowapata wenyeji baadaye ni ya huzuni, na tangu 1970 baadhi ya wazawa hukutana Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza. Tunaposhukuru tusiwasahau. Kitabu cha Sala cha Kanisa la Episkopali cha mwaka 1789 kiliweka sala za kumshukuru Mungu kwa mazao ya nchi. Rais Lincoln naye aliitangazia nchi siku ya shukrani mwaka 1863, katikati ya vita. Lakini mwaka 1939 Rais Roosevelt aliagiza ifanyike juma moja mapema, ili wenye maduka wapate siku nyingi zaidi za kuuza kabla ya Krismasi. Majimbo mengine yakakataa, hata ikabidi Bunge liweke sheria mwaka 1941. Mwaona, ndugu, soko lilianza kuivuta siku hii zamani. Tujiulize kama halituvuti na sisi.

Kwanza, safari. Katika siku hizo watu zaidi ya milioni 70 husafiri, na Jumatano jioni na Jumapili ndizo siku za msongamano mkubwa. Wengi wetu hufanya kazi za zamu, hospitalini, viwandani na katika maghala. Mtu aliyetoka zamu ya usiku asishike usukani moja kwa moja kwa safari ya saa kumi. Alale kwanza, aondoke Alhamisi alfajiri, hata kama atakuta chakula kimekwisha kupoa. Ndugu wanaomngoja wanamtaka yeye mzima kuliko wanavyotaka awahi mezani. Chukueni mablanketi, maji na chakula garini, maana theluji haibishi hodi. Na mwacheni mtu mmoja nyumbani ajue njia mtakayopita.

Pili, mfuko. Hata bata mzinga hutufundisha kupanga: mwenye ratili 16, aliyeganda, huhitaji siku kama nne ndani ya jokofu mpaka barafu iyeyuke. Anayemkumbuka Jumatano usiku amechelewa. Fedha nazo ni vivyo hivyo. Riba ya kadi nyingi za mkopo imepita asilimia 20 kwa mwaka. Televisheni iliyopunguzwa bei Ijumaa, ikinunuliwa kwa deni, bei yake hupanda tena polepole bila mwenyewe kuona. Kisha Januari inafika. Shule za Kenya na Tanzania zinafunguliwa, na mtoto wa marehemu dada yako anangoja ada uliyomwahidi. Utamwambia nini? Kwamba kulikuwa na bei nzuri?

Basi nawashauri, juma moja kabla ya sikukuu, baba na mama waketi pamoja na watoto wanaoelewa, wachukue karatasi. Waandike kwanza sadaka ya shukrani. Pili waandike wajibu: kodi ya nyumba, ada, dawa ya mzee nyumbani. Mwisho waandike wanavyovitamani. Kilichobaki ndicho cha kwenda nacho dukani. Kisipobaki kitu, Ijumaa hiyo pumzikeni, wala hamtakuwa mmepungukiwa mbele za Mungu.

Tatu, kiti. Katika Kumbukumbu la Torati 26, aliyeleta malimbuko aliagizwa afurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye kwake. Huko kwetu Sikukuu ya Mavuno tulileta mahindi, ndizi na kuku kanisani, wala hakuna aliyerudi nyumbani bila kula. Hapa mtu aweza kukaa peke yake siku nzima, mlango umefungwa, na jirani asijue. Iko jamaa iliyotoka kambini, haina gari bado. Yuko mjane ambaye watoto wake wako mbali. Yuko mwenzetu atakayetoka kazini saa nne usiku. Mnapohesabu sahani, hesabuni na yake, na mwambieni mapema, asije akajiona amekumbukwa mwishoni.

Mwisho, miaka mingi Jumapili inayofuata sikukuu hii ndiyo Jumapili ya kwanza ya Majilio. Atakayekuwa ugenini na atafute kanisa la kusali kabla hajaondoka. Katika Mathayo 25 wanawali watano walikuwa na mafuta ya akiba kabla Bwana arusi hajafika. Wale wengine walikwenda kununua saa ya mwisho, wakakuta mlango umefungwa. Tukijua kujiandaa kwa ajili ya barabara na duka, je, tumejiandaa kwa ajili yake ajaye?

Mungu, mwenye kutupa mavuno na siku za kuyala, awalinde njiani, awape kiasi mikononi na shukrani mioyoni, na awarudishe nyote salama. Amina.