Je, Kumtafuta Mshauri ni Kukosa Imani?



Siku hizi kuna wapendwa wanaozungumza na mshauri nasaha kila wiki kwa video ya simu. Wengine wanauliza: huyo si ameacha kumtegemea Mungu?

Soma 1 Wafalme 19. Eliya, aliyeomba moto ukashuka Karmeli, yuko chini ya mretemu anaomba afe. Mungu hakumkemea. Malaika alimpa mkate na maji, akalala tena, akalishwa tena. Kule Horebu Mungu alimuuliza na kumsikiliza mara mbili, kisha akampa kazi, na Elisha wa kuwa naye. Mwili, mawazo na upweke wake, vyote viliangaliwa. Mshauri anayeunganisha mbinu mbalimbali naye humtazama mtu mzima hivyo. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, kwa hivyo uliza kama wako amesajiliwa.

Swali gumu ni letu sisi. Hapa Mji wa Kale nyumba zimeshikana. Ukikohoa, jirani wa ng'ambo ya kichochoro anakupa pole. Mbona basi mtu atafute mgeni wa mbali? Kwa sababu anajua mgeni atafunga mdomo. Sisi siri yake tungeipeleka kwenye kikundi tukiiita ombi la maombi. Huo ni umbea uliofumba macho.

Ndugu yako akiwa na saa yake ya mshauri, mwachie chumba. Usitege sikio. Akitoka usimhoji, mpe chai. Malaika naye alianza na mkate.