Kungoja Majira na Kungoja Watu

Kungoja ni neno moja lililotwikwa mambo mawili. Mkulima hungoja mvua, na mdai hungoja haki yake. Wote wawili huambiwa wawe na subira, na wakiwa nayo husifiwa kwa maneno yale yale. Yafaa kuuliza kama sifa hiyo yawastahili wote kwa kipimo kimoja, kwa sababu vitu viwili vikipewa jina moja, kimoja huweza kuishi kwa heshima ya kingine.

Katika nchi za kaskazini ya dunia, kama Kanada na Ufini, maziwa huganda kwa miezi mingi. Mvuvi wa huko hukaa pwani ya ziwa lake akitengeneza nyavu na kuziba nyufa za mashua, huku akiitazama barafu siku hata siku. Hana wa kumlaumu. Barafu haikumdhulumu, wala haipendelei jirani yake. Tena haikai bure: maji ni mazito kuliko wakati wowote yakiwa na joto la nyuzi 4, na barafu inapoyeyuka, maji ya juu hufikia joto hilo, yakachanganyika na ya chini, yakapeleka hewa mpaka vilindini waliko samaki. Anayengoja hapo angojea kazi inayotendeka.

Ziwa Duluti, lililo katika shimo la volkano karibu na Tengeru, haligandi kamwe. Lakini mitelemko ya Mlima Meru inayo majira yake ya kulala. Kipupwe kikiisha, kiangazi hukaza, na matumba ya mibuni hujikunja yasikue. Mtu asiyejua angedhani mti umekata tamaa. Mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha vema, siku nane au kumi baadaye shamba zima huwa jeupe kwa maua yenye harufu kama ya asumini, na siku mbili tatu tu yakanyauka. Wataalamu wa mimea hueleza kwamba kiu yenyewe ni sehemu ya kuchanua; mbuni unaonyweshwa mwaka mzima hutoa maua machache machache, leo tawi hili, kesho lile. Kwa hiyo mkulima wa Kimeru akipogoa, akipalilia, na kushika zamu yake ya maji ya mfereji, hapotezi siku zake. Subira yake ni fungu la kazi, nayo yastahili kila sifa iliyopata kuimbiwa.

Mashaka huanza mahali pale pale, ukingoni mwa Duluti. Tangu mwaka 1942 serikali ya Kiingereza iliweka Tengeru kambi ya Wapolandi, ambao idadi yao ilifikia wapata 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa watu wa barafu hasa. Mwaka 1940 na 1941 watawala wa Urusi ya Kisovieti waliwatoa majumbani mwao mashariki ya Polandi, wakawapeleka Siberia, Kazakhstan na kaskazini ya Urusi. Mapatano ya mwaka 1941 yaliwafungulia njia, wakashuka mpaka Uajemi, na wengine wakaletwa Afrika ya Mashariki. Waliitwa wakimbizi, ingawa kwa haki ya lugha hawakukimbia, walichukuliwa.

Hapo Tengeru walikaa katika nyumba za mviringo zilizoezekwa kwa nyasi. Walikuwa na shule, hospitali, kanisa na shamba. Walilima, wakafundisha watoto wao historia na lugha ya nchi yao, wakazika wafu wao. Yote hayo yalifanywa kwa matazamio kwamba vita ni kama msimu wa baridi: vitapita, barafu itavunjika, na njia ya nyumbani itafunguka yenyewe. Vita vilipita kweli. Njia haikufunguka. Mwezi wa Februari 1945, huko Yalta, wakuu wa Uingereza, Marekani na Urusi walikubaliana mpaka mpya, na sehemu ya mashariki ya Polandi walikotoka wengi wa watu hao ikabaki mikononi mwa Urusi. Walichokuwa wakikingoja hakikuwa tena mahali pake. Kambi ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, wengi walikwenda Uingereza, Kanada na Australia. Makaburi yapata 150 yako Tengeru hata leo.

Je, walikosea kungoja? Hilo ni neno gumu kuwatamkia watu wasiokuwa na jeshi wala kura. Wala miaka yao ya Tengeru haikuwa hasara tupu. Mtoto aliyejifunza kusoma chini ya Meru alijua kusoma hata London. Kosa, kama lipo, li katika kuliita tendo la watu kwa jina la majira. Hapakuwa na barafu Yalta. Palikuwa na meza, ramani na kalamu.

Epikteto, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu wa falsafa, alifundisha kwamba mtu atenge yaliyo katika uwezo wake na yasiyo katika uwezo wake, na haya ya pili ayapokee kwa utulivu. Mtu angeweza kusema, basi, kwamba kwa aliye chini, amri ya mfalme na ukame ni mamoja, maana vyote viwili humshinda. Fundisho hilo ni dawa njema katika moyo wa anayengoja. Katika kinywa cha yule anayengojewa hugeuka kuwa hila, kwa kuwa yeye hawezi kusema kwa kweli kwamba jambo halimo katika uwezo wake.

Wameru walilijua jambo hili kwa njia ya uchungu. Mwezi wa Novemba 1951 watu wapata 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki, upande mkavu wa mlima, na nyumba zao zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Walionyeshwa mahali pengine, Kingori, na wengi wakapakataa. Watu hawa, waliozoea kuingoja vuli bila kulalamika, hawakuifanya amri ile kuwa kiangazi. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuyasema mashtaka yao mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Katika Baraza Kuu azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili za kura.

Baada ya hapo Wameru nao walingoja, na miaka tisa ikapita kabla ya uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961. Mibuni ilichanua na kunyauka mara nyingi katika muda huo. Mwaka 1967, Japhet na Seaton walitoa kitabu kuhusu kesi hiyo, wakaandika ndani yake ni nani aliyeamuru, lini, na juu ya ardhi ya nani.