Kicheko cha Filamu na Kifo cha Foulata: Swali juu ya Mashimo ya Mfalme Sulemani

Msomaji aliyekwisha kuifurahia filamu, kisha akaifungua riwaya iliyoizaa na kukuta damu, afanye nini na furaha yake ya kwanza? Swali hili la kimaadili huwa tunalipita haraka, tukaishia kupima iwapo filamu imekuwa aminifu kwa kitabu.

Mfano ulio karibu nasi ni riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885, iliyowafikia wasomaji wa Kiswahili mwaka 1929 katika tafsiri ya Frederick Johnson, Mashimo ya Mfalme Sulemani. Wapo wanaoijua kwanza kwa filamu ya 1985, ya Richard Chamberlain na Sharon Stone. Hiyo ni kichekesho: wapenzi wawili Wazungu wanatiwa katika chungu kikubwa cha wala watu, nasi tunaalikwa kucheka. Chungu hicho hakimo katika riwaya.

Yaliyomo ni mazito zaidi. Gagool ananusa wachawi na watu wanauawa mmoja baada ya mwingine mbele ya Mfalme Twala. Kikosi cha Kijivu kinateketea karibu chote ili Umbopa apate kiti chake. Na Foulata, msichana wa Kikukuana aliyemuuguza Good hata wakapendana, anachomwa kisu na Gagool kwenye mlango wa hazina. Baadaye Quatermain, msimulizi, anatuambia kwa utulivu kuwa kifo hicho kilikuwa cha heri, maana kiliwaepusha na matatizo. Matatizo ya nani? Haggard alikusudia burudani kwa vijana, lakini maiti ameachwa palepale tunapomwona, na itikadi iliyomuua imetamkwa waziwazi. Msomaji anayo mahali pa kuishika.

Filamu zinamwondolea mahali hapo. Katika ile ya 1950, ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa picha Afrika Mashariki, mapenzi yamehamishiwa kwa mwanamke wa Kiingereza na Foulata hayumo. Hayumo pia katika ile ya 1985. Itasemwa kuwa ni huruma kutomuua. Sikubali, kwani huruma humhitaji mtu wa kuhurumiwa. Hata hivyo tuwe waadilifu: katika filamu ya 1950 Umbopa anapigana na Twala mwenyewe, hali katika riwaya ni Sir Henry Curtis anayemkata Twala kichwa. Hapo filamu imeishinda riwaya kwa haki, na mhakiki anayedhani kuwa kitabu siku zote kina maadili kuliko picha hana budi kulijibu jambo hili. Mimi nalijibu hivi tu: alichopata Umbopa hakimrudishii Foulata chochote.

Huku kwetu Kwale suala hili si la darasani pekee. Mji wa Mackinnon Road una jina la William Mackinnon, ambaye kampuni yake ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888, miaka mitatu baada ya riwaya ya Haggard kutoka. Jina lenyewe linasimulia kama filamu: mwanzilishi na barabara yake, basi. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, palikuwa hapo kambi kubwa ya mahabusu, waliofungiwa kwa maelfu bila kuhukumiwa mahakamani. Msafiri anayeshuka kusoma dua kwenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, kando ya reli, anamkumbuka marehemu mmoja kwa jina. Waliozuiliwa kambini jina la mji haliwataji.

Kwa hiyo sioni sababu ya kumkataza mwanafunzi filamu mpaka amalize kitabu, kama wafanyavyo baadhi ya wenzangu. Heri aianze ile ya 1985 na acheke kwa nafasi. Kisha asome, na afikapo kwenye mlango wa hazina aorodheshe ni nani waliomo humo ambao hakuwaona kwenye picha, na aeleze kila mmoja aliondolewa kwa faida ya nani. Insha ya namna hiyo ni ngumu kusahihisha.