Kura Kitandani pa Mgonjwa

Miongoni mwa masomo wanayopewa vijana wanaosomea uuguzi, ukunga na utabibu hapa Bujumbura, ni machache yanayolalamikiwa kama somo la mbinu za utafiti na takwimu. Vijana hao wamekuja kujifunza kuponya, nao hushangaa wanapowekewa mbele yao majedwali, wastani, sampuli na safu za tarakimu. Lugha nayo huwazidishia mzigo. Mwalimu hufundisha kwa Kifaransa, vitabu vingi vya somo hilo vimeandikwa kwa Kiingereza, na mgonjwa atakayeulizwa maswali huko Buyenzi husema Kiswahili, au Kirundi, au vyote viwili katika sentensi moja. Ndiyo sababu sisi walimu wa lugha huitwa mara kwa mara kusaidia kutafsiri hojaji na karatasi za ridhaa. Katika kazi hiyo tumekutana na swali ambalo halimo katika sarufi wala katika hesabu: je, ni halali kumpigia mgonjwa kura?

Maana ndivyo ifanyikavyo. Watafiti wakitaka kujua ipi iliyo bora kati ya tiba mbili, huwagawa wagonjwa katika makundi kwa nasibu. Hachagui daktari, wala hachagui mgonjwa. Hufunguliwa bahasha iliyokuwa imefungwa, na kilichoandikwa ndani ndicho kitakachotendwa. Sababu yake si ngumu kueleweka. Daktari akiachiwa achague, pengine atawapa dawa mpya wale waliozidiwa kwa kuwahurumia, au wale wenye nguvu kwa kuwatumainia, na mwisho wa yote hapana atakayejua kama kilichotenda kazi ni dawa au ni uteuzi wake. Kura haina huruma wala chuki, na kwa hiyo makundi hufanana, hata katika mambo ambayo hakuna aliyefikiri kuyapima.

Lakini neno lenyewe lina harufu mbaya masikioni mwa wanafunzi wetu. Nasibu imetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni fungu la mtu, yaani kile alichokadiriwa. Siku hizi wengi huijua tu katika bahati nasibu, mchezo wa kununua tikiti na kungoja fedha. Mwanafunzi akisikia kwamba mtoto mgonjwa ametibiwa kwa nasibu, huona kamari. Nasi hatumlaumu hata kidogo. Mganga huapa kumtumikia mgonjwa huyu aliyelala mbele yake, si mgonjwa wa kesho asiye na jina. Akimfanya huyu awe ngazi ya kumfikia yule, amekwisha kumgeuza mtu kuwa chombo.

Historia nayo inampa mwenye shaka ushahidi wa kutosha. Huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi 600 tangu mwaka 1932 hadi 1972. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuelezwa ukweli wa ugonjwa wao, na hata penisilini ilipokwisha kujulikana kuwa inaponya, hawakupewa. Waliachwa wahesabiwe. Pale hapakuwa na kura wala ridhaa. Palikuwa na daftari tu. Kwa hiyo anayesema kwamba hesabu yaweza kuwa na ukatili anasema jambo lililokwisha kutokea.

Hata hivyo twawaomba wasomaji walitazame tukio jingine, la huku kwetu Afrika ya Mashariki, ambalo kwa maoni yetu laligeuza swali juu chini. Kuanzia Januari 2009 hadi Januari 2011 ulifanyika utafiti ulioitwa FEAST katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Kiongozi wake alikuwa Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi. Waliohusika ni watoto 3,141 walioletwa na homa kali huku damu haizunguki vema mwilini: mikono na miguu baridi, mapigo dhaifu. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria. Mafundisho ya udaktari duniani yalisema mtoto wa namna hiyo atiwe maji mengi mshipani kwa haraka, yale ambayo hapa kwetu watu huyaita serumu. Katika hospitali nyingi za Afrika jambo hilo halikuwa likifanyika sana, na wengi waliona ni dhuluma ya umaskini. Basi watoto wakagawanywa kwa bahasha. Theluthi moja walitiwa maji ya chumvi kwa haraka, theluthi nyingine albumini kwa haraka, na theluthi ya mwisho hawakutiwa maji ya haraka ila yale ya kawaida ya polepole. Matibabu mengine yote walipewa sawa.

Tujiulize kwa haki: kama mtoto wetu angekuwa mmoja wao, tungeomba bahasha ipi? Hatudhani yuko mzazi ambaye angeomba ile ya tatu. Wala hatudhani wako wauguzi wengi ambao hawangesikitika kuiona ikifunguka.

Matokeo yalitangazwa Mei 2011. Katika saa 48 za kwanza, kati ya watoto 1,050 waliopewa albumini walifariki 111. Kati ya 1,047 waliopewa maji ya chumvi walifariki 110. Na kati ya 1,044 ambao hawakutiwa maji ya haraka walifariki 76. Yaani asilimia 10.6, na 10.5, na 7.3. Kamati iliyowekwa kuzichungulia hesabu kazi ikiendelea ilikuwa imekwisha kuamuru utafiti usimamishwe, kabla idadi iliyokusudiwa haijatimia. Kama vifo katika makundi mawili ya kwanza vingekuwa kwa kiwango cha kundi la tatu, watoto wapatao 68 zaidi wangaliishi. (Tahadhari moja ni lazima hapa: watoto waliopungukiwa maji kwa kuharisha hawakuingizwa katika utafiti huo, wala wenye utapiamlo mkali. Mtu asije akamnyima maji mtoto wa kuhara kwa kusoma makala haya.)

Linalotushughulisha zaidi ni jambo lililogunduliwa watafiti waliporudi kuzichambua hesabu zao. Baada ya saa moja ya kwanza, dalili za mzunguko mbaya wa damu zilikuwa zimetoweka kwa watoto 43 katika kila 100 waliotiwa maji ya haraka, na kwa 32 tu katika kila 100 wasiotiwa. Maana yake, muuguzi aliyesimama kando ya kitanda aliona kwa macho yake mawili kwamba maji yanasaidia. Mikono ilipata joto. Mama alishukuru. Kisha wengi zaidi wakafa. Tofauti ya watoto watatu katika mia haionekani kwa jicho la mtu mmoja, hata awe na uzoefu wa miaka thelathini na moyo wa dhahabu, kwa sababu kila kifo huja na sababu zake, na kila aliyepona hukumbukwa kwa serumu iliyokuwa ikidondoka juu ya kichwa chake.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wasemao kwamba huruma hutosha na hesabu ni ubaridi wa moyo. Huruma ndiyo iliyokuwa ikishika ile chupa. Waliokuwa wakimpa mtoto maji bila kura walikuwa nao wakimfanyia majaribio, ila majaribio yasiyoandikwa popote, na ambayo kwa hiyo yasingeweza kamwe kuwasahihisha. Twaona basi kwamba kura ni halali, lakini kwa sharti zito: pawe na kutojua kwa kweli. Tuskegee dawa ilijulikana, na hapo hakuna hesabu iwezayo kutakasa lililotendwa. Sharti la pili limo ndani ya la kwanza: siku ile ujuzi unapopatikana, kura ikome, kama ilivyokomeshwa mwaka 2011.

Kuna somo hapa pia juu ya kusema kwa usahihi, ambalo sisi tunalipenda kwa sababu ya kazi yetu. Watafiti waliandika kwamba uwezekano wa nasibu ulikuwa 0.003. Wanafunzi wengi hutafsiri hivi: uwezekano kwamba maji hayadhuru ni 3 katika 1,000. Sivyo. Maana yake ni kwamba kama kweli maji yasingeleta tofauti yoyote, basi pengo kubwa kiasi hicho au zaidi lingetokea kwa nasibu tupu mara 3 hivi katika 1,000. Sentensi hizo mbili zafanana kama mapacha, na mwenye kuzichanganya hupotosha wengine kwa lugha fasaha kabisa. Vivyo hivyo neno muhimu, linapowekwa mbele ya kitakwimu, halisemi kwamba jambo ni kubwa, ila kwamba si rahisi kudhani limetokea kwa bahati.

Tusifiche kwamba ugumu mmoja haujaondoka, nao ni ule wa ridhaa. Mtoto akiletwa usiku amezidiwa, mama hana utulivu wa kusomewa kurasa tatu. Katika FEAST iliruhusiwa, pasipokuwa na wasaa, mzazi akubali kwa mdomo kwanza, na karatasi isainiwe baadaye. Wako wanaosema hiyo si ridhaa. Sisi twaona ni ridhaa nyembamba, iliyo bora kuliko kimya, lakini nyembamba.

Na matokeo yalichukua muda kusomwa. Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake wa dharura za watoto mwaka 2016, miaka mitano baadaye, likasema wasitiwe maji ya haraka wale wenye dalili moja au mbili tu za mzunguko dhaifu. Katika miaka hiyo mitano serumu ziliendelea kutundikwa kwa nia njema.

Katika tafsiri za karatasi za ridhaa tulizowahi kushughulikia, sentensi inayowashinda wanafunzi ni fupi kuliko zote. Wao hutaka kuandika: daktari atachagua tiba inayokufaa. Sisi huifuta na kuandika: hatujui ipi kati ya tiba hizi mbili ni bora, na ndiyo maana tunapiga kura. Binti mmoja wa ukunga alituuliza ni mama gani atakayemkabidhi mwanawe mtu aliyesema mbele yake, hatujui. Darasa liligawanyika, na mjadala ukaendelea hata baada ya kengele kulia.