Ulimi Hufundishika

Yapo maswali yaonekanayo kuwa ya jikoni tu, kumbe ndani yake mna suala zima la utu. Mojawapo ni hili: je, mtu aweza kujifunza kukipenda chakula alichokwisha kukidharau, au mapenzi ya ulimi ni jambo la kuzaliwa nalo, lisilo na hoja?

Tuchukue mfano wa mlenda. Katika nyika za Dodoma na Singida majani yake mengi huota yenyewe mvua zinyeshapo. Huchumwa, yakaanikwa, yakatwangwa na kuwekwa akiba ya kiangazi. Ni mboga ya mwenye nacho kidogo. Tena huteleza na kuvutika. Kwa sababu hizo mbili huchekwa.

Sisi tuandikao haya tulikuwa miongoni mwa waliocheka. Tuliporudi likizo kutoka shule ya bweni, tulisukuma bakuli kando mbele ya wageni, tukasema kwamba hatuli utelezi. Mama hakujibu. Alilitwaa bakuli lile, akaenda kuimalizia mboga yake jikoni, peke yake. Siku hiyo tulidhani tumekataa mboga. Kumbe tulikuwa tumeukataa mkono ulioichuma, pamoja na maarifa yaliyotuvusha miezi ya ukame tangu utotoni.

Wako watakaosema kwamba ladha hailazimishwi. Wasema kweli. Hakuna mahubiri yawezayo kumfanya mtu apende asichokipenda, hata yakitolewa kwa jina la taifa. Lakini kisicholazimishwa chaweza kufundishika. Hakuna mtoto azaliwaye akiipenda pilipili, wala kahawa chungu inywewayo barazani. Huzizoea kwa kukaa na wazipendao.

Nasi tulifundishwa na sufuria. Miaka kadhaa baadaye, tukiwa kazini mbali na nyumbani, mama alituletea kifurushi cha mlenda mkavu. Tuliona haya kuutupa, tukajaribu kuupika. Mara ya kwanza tulizidisha magadi, ukawa mchungu. Mara ya pili tuliumimina unga wote kwa pamoja, ukafanya madonge. Likizo iliyofuata tuliketi kando ya mama, tukajifunza: maji yachemke kwanza, magadi yawe chembe tu, unga wa majani unyunyizwe kidogo kidogo huku upekecho ukizungushwa kwa viganja, kisha zitiwe karanga zilizotwangwa, na moto upunguzwe. Tulipomega ugali wa uwele tukachovya, tulitambua kwamba utelezi tulioucheka ndio unaoushusha ugali mkavu kooni. Tulichokiita kasoro kilikuwa na kazi yake.

Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba waliosoma walizijua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao. Yaliyosemwa juu ya ngoma yafaa kusemwa juu ya chungu pia. Utamaduni haukai jukwaani tu. Hukaa katika chakula tunachoona fahari au haya kumwandalia mgeni.

Hatusemi kwamba kila kijana hana budi kuupenda mlenda. Aliyeupika kwa subira, akauonja, akaona haumwelekei, hana kosa lolote. Kosa ni la yule atoaye hukumu kabla ya kuonja, na kabla ya kujiuliza ni nani aliyekesha ili chakula kile kipatikane. Mwalimu amwulizaye mwanafunzi jinsi mboga ya kwao inavyopikwa humpa somo ambalo kitabu peke yake hakiwezi kulitoa, kwani jibu humlazimu kurudi kwa mama yake na kuuliza.

Siku ile ya likizo mama alionja tulichopika, akasema chumvi imepungua, akaiongeza. Jioni walikuja wageni. Tuliliweka bakuli katikati ya mkeka, tukamwita mama, naye akaja kula pamoja nasi.